Mpima Kimya na Saa ya Taifa

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa. Ramani yake iko kwa mpiga chapa tangu mwaka juzi, inasubiri sahihi ya mtu aliye safarini, na mpaka isainiwe hairuhusiwi kisheria kuwa mahali popote. Wananchi wanaishi humo hivyo hivyo. Wanapanga foleni humo, wanaoana humo, na wanakufa humo kwa wingi na kwa mpangilio mzuri.

Ndiyo maana serikali ina Wizara ya Sherehe na Majonzi. Ni wizara moja, kwa kuwa viti ni vile vile na mahema ni yale yale. Ghorofa ya pili, mkono wa kushoto ukishapita choo kilichofungwa, palikuwa na meza ya Siwatu binti Faraji, Mpima Kimya Daraja la Pili. Daraja la Kwanza lilitangazwa mara moja, akapatikana mtu mwenye sifa zote, naye akafa akisubiri barua.

Kazi ya Siwatu ilikuwa hii. Basi likitumbukia korongoni, ghala likiungua na wapagazi wake, au mzee wa chama akifariki kitandani katika hospitali ya ng'ambo, taifa husimama kimya dakika moja na redio nayo hunyamaza. Siwatu hupanda jukwaani akasema, "Tusimame." Dakika ikipita husema, "Ahsanteni, kaeni." Kati ya maneno hayo, kwa mujibu wa Kanuni ya Nne ya Itifaki, hakuna mwenye ruhusa ya kusema, kukaa, kupokea simu wala kukohoa kwa makusudi, Kiongozi Mkuu akiwamo. Kwa sekunde sitini binti wa Daraja la Pili alikuwa ndiye mtu pekee nchini mwenye mdomo. Hakuwahi kuutumia vibaya. Hakuwahi hata kuufikiria.

Miaka tisa alizipima dakika hizo kwa kuhesabu moyoni, moja mpaka sitini, kwa mwendo wa mtu anayepanda ngazi bila haraka. Hakuna aliyelalamika, hasa marehemu. Kisha wakaja wakaguzi, wakaandika hoja: dakika mia mbili na kumi na nne zimetumika bila ushahidi wa maandishi kwamba zilikuwa dakika.

Mkurugenzi wa Itifaki, Bwana Tindwa, akamwita.

"Bi Siwatu, hizi dakika unazitoa wapi?"

"Kichwani, Mkurugenzi."

"Kichwani." Akaandika. "Kichwa chenyewe kimesajiliwa?"

"Hapana."

"Kwa hiyo miaka tisa umekuwa ukiliombolezesha taifa kwa kifaa binafsi."

Siwatu alifikiri kidogo, akaona kwamba ni kweli.

*

Saa ililetwa kutoka nchi yenye theluji. Ilikuwa kronografu, saa ya mkono ya kutiwa ufunguo, chuma kitupu kisicho na betri, yenye vitufe viwili ubavuni. Ukibonyeza cha juu, mshale mwembamba mrefu unaanza kuzunguka. Ukibonyeza tena, unasimama. Cha chini kinaurudisha juu kabisa, kwenye kumi na mbili. Ilipokelewa uwanja wa ndege kwa ngoma tatu na watoto wa halaiki. Waziri, Mheshimiwa Dakta Mazoya, aliiinua juu kwa mikono miwili.

"Ndugu wananchi," alisema, "mataifa mengine yanaomboleza kwa kukisia. Sisi, kuanzia leo, tutaomboleza kwa usahihi wa moja ya tano ya sekunde! Tazameni. Saa hii haina betri. Inakwenda kwa nguvu zake yenyewe, kama uchumi wetu. Na ndani ya saa kubwa mnaona kuna saa ndogo tatu. Kubwa ni serikali, ndogo ni mikoa. Zote zinazunguka, na hakuna inayokwenda popote. Huo ndio utulivu!"

Watu wakapiga makofi. Siwatu naye alipiga. Ilikuwa saa nzuri, na ndiye angeivaa.

Kabla ya kuivaa ilibidi isajiliwe. Mtunza bohari, Bwana Mshamu, alikuwa mtu mwaminifu ambaye katika miaka ishirini na sita hakupoteza hata kijiko. Aliiweka mezani, akafungua kopo la rangi nyeupe ya mafuta, akachovya brashi, na kwa mwandiko wa kupendeza akaandika kwenye kioo: WSM/0001/KIMYA.

"Bwana Mshamu," alisema Siwatu, "umeandika kwenye kioo."

"Kanuni inasema namba iandikwe mahali panapoonekana. Wewe saa unaitazama wapi?"

"Kwenye kioo."

"Sasa, tunabishana nini, mwanangu?"

Tangu siku hiyo mshale mwembamba ulikuwa ukifika kwenye kumi na tano unaingia chini ya ile A ya mwisho, na unatokea upande wa pili karibu na arobaini na tano, kama mtu aliyepitia nyuma ya nyumba.

Ikabaki habari ya kuihifadhi. Kanuni nyingine ilisema vifaa vya kazi moja vikae pamoja, na saa ya kimya ilihesabiwa kuwa kifaa cha hadhara. Kwa hiyo kila jioni Bwana Mshamu aliipokea kwa daftari, akaipeleka kwenye kasha la spika kubwa za mikutano, akaiweka mgongoni mwa spika, pale penye lile pande la chuma jeusi la duara. Chuma kile kiliikamata saa kwa upendo. Ungeliweza kuligeuza kasha juu chini, saa isingedondoka.

"Unaona?" Bwana Mshamu alimwambia. "Kama ina nyumba yake."

*

Wiki ya tatu ikaangukia kwenye Wiki ya Uimara wa Majengo. Siku ya kilele, jukwaa la wageni waalikwa lilianguka.

Lilianguka saa nne na robo asubuhi, wakati wa hotuba kuhusu nguzo. Watu thelathini na saba walikufa. Hiyo ndiyo hesabu ya serikali, na ilitolewa upesi, saa sita kamili, kwa kuwa kila aliyekaa juu alikuwa na kadi ya mwaliko yenye nambari.

Chini ya jukwaa walikuwamo wapaka rangi wanne. Rangi ya kupaka mara ya pili ilikwama kusubiri sahihi, ikatoka asubuhi ile ile, na kwa kuwa haiwezekani rangi iliyosainiwa isitumike, wageni walikaa juu huku miguu ya jukwaa ikipakwa chini. Mmoja wa wale wanne alikuwa Mbaraka, mdogo wake Siwatu, mwenye miaka ishirini na minne, aliyekuwa anapiga mluzi akifanya kazi na aliyekuwa na posa aliyoipeleka mwezi uliopita.

Walimzika Jumanne. Jumatano Siwatu alikwenda Ofisi ya Orodha.

"Jina la marehemu?" aliuliza karani.

"Mbaraka Faraji."

Karani alipitisha kidole toka juu mpaka chini, akarudi tena juu, kwa sababu hakuwa mvivu. "Hayumo. Alikaa safu gani?"

"Hakukaa. Alikuwa chini, anapaka rangi."

"Chini hakuna safu, dada."

"Najua. Walikuwa wanne."

"Ngoja nikueleweshe." Karani alisogeza kiti. "Hii ni orodha ya walioanguka na jukwaa. Kuanguka ni kutoka juu kwenda chini, au siyo? Sasa mtu ambaye tayari yuko chini, ataangukaje?"

Siwatu alitafuta kosa katika maneno hayo, hakuliona. "Sisemi alianguka," alisema. "Nasema amekufa. Tumemzika jana."

"Hilo sasa ni la nyumbani kwenu," karani alisema kwa upole wa kweli kabisa. "Poleni sana na hilo la nyumbani."

Alirudi kazini kwa miguu. Tangu Jumanne mikono yake ilikuwa kama ya mtu aliyeilalia; akishika kikombe anaona kwa macho kwamba amekishika. Hakulia mazikoni, hakulia baadaye. Watu walimsifu kwa ujasiri, naye akaitikia, kwa kuwa kukataa kungehitaji maneno mengi zaidi.

Mama yake, Bi Mwatima, alimsikiliza habari ya orodha mpaka mwisho, akiwa amekaa mkekani na redio mbele yake.

"Basi," alisema. "Orodha ni ya wao wanaosoma. Kimya hakisomi mtu. Hivi, wataliombolezea lini hilo jukwaa?"

"Siku ya arobaini, mama. Itifaki wamepanga."

"Hiyo arobaini ni ya Mbaraka pia, hata wakikataa. Watasimama nchi nzima, na huyo Mkuu wao asimame. Wakishasimama, mimi nitamsomea mwanangu Fatiha humo humo. Hawatajua wanamsimamia. Harusi hakuipata. Kimya hicho atakipata."

Hilo ndilo jambo pekee ambalo mama alimwomba Siwatu katika msiba ule: dakika moja, ambayo ndiyo kazi yake.

*

Nchi ile haikai na njaa ya misiba. Kabla ya arobaini kufika palikuwa na ghala, palikuwa na daraja, palikuwa na mzee wa chama. Bi Mwatima alifungua redio kila mara, kimya kikianza akasoma, kusudi azoee.

Siku ya ghala Siwatu alibonyeza kitufe cha juu na, kwa mazoea tu, akahesabu moyoni. Mshale ulipita nyuma ya rangi, ukatokea, ukafika juu. Yeye, kichwani, alikuwa amefika hamsini na mbili. Akasema, "Ahsanteni, kaeni."

Siku ya daraja alikuwa thelathini na nane.

"Leo nimefika 'amina' ukasema 'kaeni' hapo hapo," mama alimwambia jioni. "Una haraka gani?"

"Ni saa, mama."

Siku ya mzee wa chama alikuwa ishirini na saba.

"Leo umenikata katikati."

"Labda ulisoma polepole."

"Nimesoma kama ninavyosoma tangu nina miaka sita." Bi Mwatima hakupandisha sauti. Alizima redio, akaifuta vumbi kwa upindo wa kanga.

Huko serikalini kulikuwa na furaha. Dakika ile mpya iliwaingia viongozi kama maji baridi. Miguu haikuwauma tena. Wizara ya Mipango ilitoa taarifa kwamba uwezo wa taifa wa kuomboleza umeongezeka maradufu bila kuongeza mahema. Kiongozi Mkuu alinukuliwa akisema kwamba siku hizi anakwenda misibani kwa hamu. Bwana Tindwa alimpa Siwatu mkono mbele ya wafanyakazi wote.

"Mnaona kifaa kinavyofanya?" alisema. "Huyu binti alikuwa anatuchosha miaka tisa!"

Wakacheka. Siwatu alitazama mkono wake ndani ya mkono wa Mkurugenzi, unapanda na kushuka.

Mchana ule aliificha saa ndani ya leso, akaenda kwa Fundi Zakayo, mwenye kibanda cha saa nyuma ya posta. Fundi alibana lenzi jichoni, akaisikiliza saa sikioni, akakunja uso. Akatoa dira ndogo ya shaba kwenye droo, akaisogeza karibu. Sindano ya dira, badala ya kuonyesha kaskazini, iliruka ikaielekea saa, ikawa inatetemeka kama mbwa aliyeona paka.

"Imeshika sumaku," alisema fundi. "Ndani mna uzi mwembamba wa chuma, umejiviringa; ndio pumzi ya saa. Huu wa kwako mizunguko yake imenatana, kwa hiyo inapumua vipande vipande. Ndiyo maana inakimbia. Dada, saa hii inalala na nani?"

"Na spika."

"Aa! Ungeilaza na simba ingekuwa afadhali."

"Inapona?"

"Hii? Nina mashine hapa chini, unaipitisha tu. Uhesabu mpaka kumi, imepona." Aliipangusa kioo kwa kidole apate kuona vizuri, na rangi nyeupe ikabaki palepale. Akaisoma namba. Akatoa lenzi jichoni. "Hii ni ya serikali."

"Ndiyo."

"Ina kibali cha kutibiwa?"

"Umesema kumi tu, fundi. Nihesabu?"

"Dada yangu, kumi zako ni miaka mingapi yangu kule ndani?" Fundi Zakayo aliifunga saa kwenye leso yake, tena kwa fundo zuri. "Sikuiona. Na wewe sikukuona. Ulikuja kuulizia njia ya posta."

Basi Siwatu akafanya jambo ambalo mtumishi mwadilifu hulifanya. Aliandika barua, kurasa mbili, Kiswahili safi, nakala tatu. Jibu lilitoka Kamati ya Vipimo baada ya siku tisa. Kamati iliilinganisha Saa ya Taifa na saa ya ukutani ya wizara, ambayo kila asubuhi na kila adhuhuri hurekebishwa kwa kuifuata Saa ya Taifa, na haikuona tofauti yoyote. *Aidha,* iliendelea barua, *kichwa cha Mpima Kimya kimebainika kuchelewa sekunde thelathini na tatu katika kila dakika. Anashauriwa akirekebishe, na kwa sasa asikitumie awapo kazini.*

Bwana Mshamu, aliyesikia kwamba saa imelalamikiwa, aliona aibu. Akaihamishia kwenye spika kubwa zaidi.

*

Siku ya arobaini jua lilikuwa kali na la kawaida. Serikali ilijenga jukwaa jipya pale pale lilipoanguka la zamani, kuonyesha kwamba haitishiki. Halikukaliwa na mtu. Waheshimiwa wote walichagua kukaa chini, kwenye viti vya kuegemea, kwa unyenyekevu. Ni Siwatu aliyepanda.

Dakta Mazoya alihutubia kwa dakika themanini, kwa saa yoyote ile. Alisema hawa mashujaa thelathini na saba hawakuanguka, bali walitangulia chini kutuandalia msingi. Kisha akaketi, na Siwatu akasogea kwenye kipaza sauti.

"Tusimame."

Viti vikalia. Redio nchini kote zikanyamaza. Akabonyeza kitufe.

Alikuwa amekatazwa kuhesabu, akahesabu. Mshale ulipita mbio, ukaingia chini ya rangi, ukatoka, ukagonga juu. Moyoni mwake ilikuwa kumi na tisa.

Midomo yake ilikwisha jipanga kusema. Kule chini, waheshimiwa ambao kwa wiki kadhaa miili yao ilikwisha jifunza urefu wa dakika, walikuwa wameanza kukaa kabla ya kuambiwa, safu nzima kwa pamoja, magoti yakikunjika, makalio yakishuka.

Siwatu hakusema.

Hakukasirika. Angeulizwa, angesema kwamba hakuamua lolote. Mwendo wa kupanda ngazi ulikuwa bado unaendelea ndani yake, na hakuona sababu ya kuukatiza. Ishirini. Ishirini na moja.

Kanuni ya Nne ni kali. Inakataza kukaa; haisemi lolote juu ya aliyekwisha anza. Kwa hiyo safu ya mbele ilibaki palepale ilipofika, si wamesimama, si wamekaa, Kiongozi Mkuu katikati, mikono ikitafuta viti nyuma na kuogopa kuvigusa. Ishirini na nane. Dakta Mazoya magoti yakaanza kutetemeka. Balozi wa nchi rafiki alimtazama balozi mwenzake, akaona hajui, akabaki vivyo hivyo.

Thelathini na tano. Watu wa nyuma, wasio na viti, walikuwa wamesimama sawasawa. Hema lilikuwa likipigwa na upepo. Kwa muda mrefu hakuna aliyekuwa amelisikia hema. Ikasikika kamba ikikwaruza mti, mtoto akanyonya, mtu mzima akameza mate. Ilipofika arobaini na mbili harufu ya rangi mbichi ilitoka chini ya jukwaa ikapanda, na mwanamke mmoja wa pembeni, mwenye baibui iliyopauka, akageuka akatazama kule inakotoka. Wa karibu yake akageuka. Kisha wengi. Walikuwa wanatazama tu chini ya jukwaa, mahali pasipo na safu.

Hamsini. Mkuu wa Majeshi alipata mkazo wa paja, akaubeba kiume, machozi yakimtoka. Picha yake ndiyo iliyotumika kesho yake magazetini kuonyesha uchungu wa taifa.

Sitini.

"Ahsanteni," alisema Siwatu. "Kaeni."

Safu ya mbele haikukaa, iliporomoka. Viti viwili vikavunjika.

Nyumbani Bi Mwatima alikuwa bado mkekani. Redio ilikuwa imezimwa.

"Nimemaliza," alisema. "Nimemaliza mpaka mwisho, na nafasi ikabaki. Sikujua niifanyie nini. Nikamwambia lile paa lililokuwa linavuja tumeliziba."

Siwatu akaketi karibu yake. Alisubiri kuona kama kuna kitu kitamjia. Hakikumjia, lakini mama alipompa kikombe cha chai, alihisi kwamba ni cha moto.

*

Walimwita kesho yake saa tatu. Kamati ilikuwa na watu watano na karani. Dakta Mazoya alikuwa mwenyekiti, miguu yote miwili juu ya kigoda, imefungwa bendeji magotini. Saa ya Taifa ilikuwa mezani juu ya kitambaa, ikikimbia.

"Binti Faraji," alianza, "umelichelewesha taifa kwa sekunde arobaini na moja. Tumepima kwa mkanda wa redio. Unakiri?"

"Ilikuwa dakika moja, Mheshimiwa."

"Kwa saa ipi?"

"Dakika moja tu."

"Mshupavu huyu," alisema mjumbe wa kushoto.

"Ngojeni, ngojeni." Dakta Mazoya aliinama kwa taabu, kama mtu anayetaka kuingia kwenye akili ya mhaini. "Hili limenikosesha raha. Sekunde arobaini na moja. Kwa nini arobaini na moja? Marehemu ni thelathini na saba. Tuseme kila marehemu umemzawadia sekunde yake moja ya ziada. Ni kosa, lakini ni kosa la kibinadamu, tungelielewa. Toa thelathini na saba. Zinabaki nne. Hizo nne ulikuwa unampa nani?"

Siwatu hakuwa amepiga hesabu hiyo. Aliipiga sasa, pale pale, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile kitu kilitembea ndani ya kifua chake, kidogo, kama mtu anayegeuka usingizini. Alifungua mdomo kusema kwamba hakujua.

Bwana Tindwa, ambaye katika maisha yake hakuwahi kuacha swali la mkubwa likae bila jibu, alimtangulia.

"Ni za wale wanne wa chini, Mheshimiwa. Wapaka rangi. Nani asiyejua?"

Chumba kikanyamaza. Hakuna aliyesema "Tusimame", na hakuna aliyekuwa akipima. Kalamu ya karani ilisimama juu ya karatasi. Mjumbe wa kushoto aliangalia dirishani. Mjumbe wa kulia aliangalia dirisha lile lile. Bwana Tindwa alianza kuvuja jasho chini ya pua, akajipangusa, likarudi.

"Lifutwe hilo," alisema Dakta Mazoya hatimaye.

"Nifute lipi, Mheshimiwa?" aliuliza karani. "Wale wanne, au lile la nani asiyejua?"

"Yote! Futa yote, na ufute kwamba nimesema ufute!"

Karani akafuta. Ilimchukua muda, na wote wakamngoja.

Kisha Dakta Mazoya akatoa karatasi iliyokwisha chapwa, akaisukuma mezani kwa ncha ya kidole. Sauti yake ilikuwa imelainika.

"Sisi si watu wabaya. Huna haja ya kueleza kitu wala kufikiri. Imeandikwa yote: *Mimi, Mpima Kimya, naomba radhi kwa Kiongozi Mkuu, kwa mabalozi na kwa taifa zima, kwa kulisimamisha kupita kipimo.* Unaweka sahihi, unaisoma redioni jioni, unarudi mezani kwako. Daraja la Tatu, lakini meza ni ile ile."

"Na nisiposaini?"

"Usiposaini kuna nyumba ile ya ukuta mrefu. Unaijua. Huko dakika ni ndefu kweli."

Siwatu aliichukua karatasi akaisoma yote, mpaka chini, penye mstari wa sahihi. Ilikuwa na kosa moja la herufi, akaliona, akaliacha. Akairudisha mezani, akaipanga ikae sawa na ukingo.

"Omba radhi, mwanangu," Bwana Tindwa alinong'ona. Alikuwa anaomba kweli, kwa sababu sasa wote wawili walikuwa wanahitaji. "Neno moja tu. Omba, yaishe."

"Siombi."

"Toa sababu basi," alisema Dakta Mazoya. "Tuandike sababu."

"Andika jina," Siwatu alimwambia karani. "Mbaraka Faraji. Mpaka rangi."

Karani alimtazama Waziri. Waziri alimtazama Siwatu.

"Nimekuuliza sababu, sikukuuliza jina! Unaomba radhi au huombi?"

"Siombi radhi," alisema Siwatu.